Daftari la Getini

Mkutano wa kwanza tuliufanyia shule ya msingi Ilolesya,
darasa la tatu, madawati mafupi,
magoti ya wataalamu yakigusa kidevu.
Nilibandika mchoro ubaoni:
vitanda mia mbili na arobaini,
vyumba vya upasuaji vitatu,
maegesho.
Nje mvua ya Makete haikunyesha, ilikaa tu,
kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Kilomita sabini na mbili, nikasema,
toka zahanati ya mwisho hadi hapa.
Mama Tulalumba Sanga, mkunga, akanyoosha mkono.
"Kiangazi au masika?"
Nikatazama karatasi zangu.
"Kiangazi ni hizo sabini na mbili," akasema.
"Masika ni mtu na bahati yake."

Kisha akausogelea mchoro,
akafuata korido kwa kidole chenye udongo wa viazi:
"Mgonjwa namwona. Daktari namwona.
Gari la mganga mkuu limejengewa hadi kivuli.
Anayemuuguza analala wapi?
Ugali unasongwa wapi?
Na hili dirisha la wodi ya wazazi, mwanangu,
mbona linachungulia chumba cha maiti?"

Usiku ule, gesti ya Tandala, blanketi mbili na soksi,
nilifuta.
Chuoni walitufundisha kuchora.
Maegesho yakawa jiko, mafiga ya kutosha ukoo mzima.
Chumba cha maiti nikakihamishia nyuma ya misindano.
Mteremko wa machela nikaulaza zaidi,
moja kwa kumi na mbili,
kwa kuwa nayakumbuka mabega ya wajomba zangu
walivyomteremsha mama kitanda cha kamba,
wakipokezana kila kona,
kichwa chake kikitangulia bondeni.
Hilo sikuliandika kwenye maelezo ya kitaalamu.

Fedha ikaja nusu.
Nusu nyingine, tukaambiwa, iko njiani,
na njia zetu unazijua.
Tukachimba msingi mwezi Juni,
sakitu ikitia chumvi nondo alfajiri,
mafundi wakipuliza vidole kabla ya kushika kamba.

Lakini habari hukimbia kuliko saruji.
Huko mabondeni haikusemwa inajengwa.
Ilisemwa ipo.

Usiku wa tarehe kumi na nne, Tweve, mlinzi,
aliona taa ya pikipiki ikipanda, ikipotea, ikipanda.
Watu watatu: dereva, mama mkwe,
na katikati, amefungwa kwa khanga mgongoni mwa dereva,
binti mwenye uchungu wa siku ya pili.
"Tumeambiwa hospitali ya rufaa ndiyo hapa."
Mbele yao mtaro, rundo la kokoto,
na kibao kilichopakwa rangi vizuri mno.

Tweve hakusema siyo hapa.
Alivunja mbao za kumwagia zege akawasha moto,
akampigia mwenye lori la viazi,
akampigia tena, akamtukana, akamwomba radhi,
hadi lori likaja.
Wakamlaza juu ya magunia, wakashika njia ya Mbeya.

Asubuhi nilifungua daftari la getini,
lile la wauza mchanga na wakaguzi.
Mwandiko wa Tweve, kalamu imekwamakwama kwa baridi:

Jina: Atukuzwe Mahenge.
Atokako: Lupila.
Sababu ya kufika: rufaa.
Kuingia: saa nane na robo usiku.
Kutoka: saa kumi kasorobo.

Na chini, nje ya mistari, ambapo hakuna aliyemwambia aandike:
Wao wamefika. Sisi bado.

Simu ya mwenye lori haikushika siku nzima.
Ratiba ilisema tuanze na jengo la utawala.
Niliikunja nikaitia mfukoni,
nikachukua kamba na vigingi,
nikaenda upande wa wazazi,
pale dirisha litakapotazama shamba la ngano.
Mafundi walinifuata. Hakuna aliyeuliza.
Daftari lilikuwa limeshapita mikononi mwao.